Vijiji Viwili vya Robert Owen

Anayetaka kubishana kuhusu ubepari na ujamaa katika zama za viwanda aanze na Robert Owen, kwani mtu huyu mmoja alivijaribu vyote viwili, tena kwa fedha zake.

Mwaka 1800 alishika uongozi wa viwanda vya pamba vya New Lanark, Uskoti, ambavyo yeye na wabia wake walivinunua kwa baba mkwe wake, David Dale. Wakazi walikaribia 2,000, na kati yao watoto wapatao 500 walitoka katika makazi ya maskini ya Edinburgh na Glasgow. Siku zile mtoto wa miaka sita kusimama mashineni kutwa nzima hakukumshangaza mtu. Owen aliacha kuajiri walio chini ya miaka 10, akapunguza saa za kazi, akafungua duka la bidhaa safi za bei nafuu, na mwaka 1816 akafungua taasisi ya elimu iliyopokea hata watoto wanaojifunza kusema. Marekani ilipozuia pamba yake kusafirishwa nje, viwanda vilisimama miezi minne, naye akalipa mishahara yote. Faida? Iliendelea kuingia.

Wengi wakifika hapo husema basi, ubepari wenye huruma unawezekana. Wasikimbilie. Mbele ya kila mfanyakazi palining'inia kipande cha mti chenye rangi nne kutangaza mwenendo wake wa jana: nyeusi kwa mwenendo mbaya, nyeupe kwa bora. Hakuna aliyeulizwa kama anakitaka. Wabia nao walinung'unikia gharama za shule, hata Owen akalazimika mwaka 1813 kutafuta wengine waliokubali gawio lisilozidi asilimia 5. Na pamba yenyewe? Nyingi ilivunwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki, ambao wema wa New Lanark haukuwafikia hata chembe.

Kisha akaugeukia ujamaa: mwaka 1825 alinunua mji mzima wa New Harmony, Indiana, kutoka kwa jumuiya ya Wakristo wa Kijerumani, akatangaza kwamba atakaye aje. Watu mia kadhaa wakamiminika: walimu, wanasayansi, wenye ndoto na wavivu wa kutosha. Waliokosekana ni mafundi. Karakana zilizoachwa tayari kwa kazi zikapooza, huku Owen mwenyewe akiwa amerudi Uingereza kwa miezi. Katiba iliandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena. Wachache wakachumia juani, wengi wakala kivulini. Kufikia 1827 jumuiya ilikuwa imevunjika na kuondoka na sehemu kubwa ya utajiri wa Owen.

Kwangu mimi, vijiji hivyo viwili havikutofautiana sana kama inavyodaiwa. Kote kuwili wazo lilikuwa la Owen, na fedha za Owen zilikuwamo. Kijiji cha kwanza kilikuwa na hesabu bila sauti ya mfanyakazi. Cha pili kilikuwa na sauti nyingi, hesabu hakuna.

Waliounganisha sauti na hesabu walikuwa watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao mafundi, baadhi wakiwa wafuasi wa Owen. Mwaka 1844 walifungua duka dogo kwa mtaji wa pauni 28, wakiuza unga, siagi na sukari. Hawakukopesha. Ziada iligawanywa kulingana na manunuzi ya kila mwanachama, na kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Msomaji aliye kwenye ushirika wa kahawa au SACCOS afungue katiba ya chama chake. Kanuni hiyo ya kura moja ataikuta humo.