Mwezi, kuku na gogo la Walokele

"Papa, ni kweli watu walifika mwezini?" Kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, aliniuliza tukielekea maporomoko ya Wagenia, shati limemganda mgongoni. Nikamwambia ndiyo, Julai 1969. Akacheka bila kugeuka. "Nani aliwaona?"

Nilikosa jibu la haraka, nikawakumbuka Walokele, jirani zetu wa mtoni kuelekea Isangi. Wao walipeleka habari kwa gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba, mdomo mmoja ukilia juu, wa pili chini. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, alijifunza kulipiga, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Gogo halitamki herufi, hutoa toni tu. Sasa, kwa Kilokele mwezi na kuku vina toni zilezile: juu, juu. Ndiyo maana mpigaji hakutaja kitu akanyamaza. Alikieleza kwa maneno marefu mpaka kijiji cha pili kisibaki na shaka. Mpigaji mvivu mwaka 1969 angetangaza kwamba Mmarekani amekanyaga kuku.

Magazeti hayana subira hiyo. Mwandishi Stanley alipita hapa Januari 1877 kwa gharama za New York Herald na Daily Telegraph, akatokea Boma mwezi Agosti, dunia ikaambiwa mtu mmoja amevuka Afrika. Basi. Mji wetu, Kisangani ya leo, ukaitwa Stanleyville hadi 1966. Wangwana wa Unguja, watu wa msafara wake, waliofyeka msitu kando ya maporomoko saba na kuburuta mitumbwi kwa kamba, nani aliwataja? Hata Kiswahili hiki tuliletewa na watu kama wao, wa misafara ya Tippu Tip. Magogo nayo yalimtangulia Stanley mtoni, ila hayakutangaza shujaa: yaliita watu washike mikuki.

Tukafika. Mvuvi mmoja alikuwa amepanda kwenye miti mirefu iliyosimikwa katikati ya mkondo na kufungwa kwa kamba za msituni, anavuta mgono mkubwa kama mtungi uliolala. Ukatoka mtupu. Akautikisa, akaurudisha majini, akasogea kwenye kamba ya pili.

"Mjomba wangu yule," kijana akasema, baiskeli ameiegemeza kiunoni. Akanieleza jinsi mti unavyosimamishwa maji yakipungua, tundu gani la jiwe linaushika, nani alimfundisha nani. Alieleza kwa muda mrefu. Nauli akaikumbuka baadaye.