Wahitaji Kumi, Una Ngapi?

Nilimwendea maalim wetu aniombee dua ya kufunguliwa riziki, naye akaniuliza kwa siku nyumbani kwangu hutoka shilingi ngapi.

Ilikuwa Machi 2020, baada ya sala ya alasiri, siku chache kabla misikiti haijafungwa kwa ajili ya korona. Kazi sikuwa nayo tangu Septemba. Nilikuwa karani katika yadi moja ya makontena hapa Mombasa. Mizigo ilipoanza kupakiwa bandarini moja kwa moja kwenye reli mpya kwenda Nairobi, makontena yetu yalipungua wiki baada ya wiki, hata tukaiona saruji ambayo kwa miaka haikupigwa na jua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Mimi nilitimiza miaka 11 kwa mshahara wa 38,000. Nikaondoka na 209,000.

Zilikwisha kabla ya Februari kwisha. Karo, kodi ya nyumba, mchango wa harusi ya mpwa wangu ambao niliutoa kama mtu aliye kazini. Halafu nikaingia kwenye mikopo ya simu, nikikopa huku nilipe kule.

"Sijui," nikamjibu maalim.

"Wewe karani. Makontena ya watu ulikuwa wayajua idadi yake."

Aliniombea dua, nikainua mikono nikaitikia amina. Kisha akaniagiza niandike kila kinachoingia na kila kinachotoka kwa siku saba, nirudi nacho. Niliondoka moyo umenivunjika. Nilikwenda kumtafuta Mungu, nikarudi na kazi ya hesabu.

Tulitumia daftari la zamani la binti yangu, tukaanzia kurasa za nyuma. Maji ya mkokoteni, mitungi minne, 80. Makaa mkebe mmoja. Tokeni za stima. Unga, mafuta ya kupima, sukari ya kupima. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinitajia, kwa sababu yeye ndiye aliyejua. Tangu Novemba alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi za kuuza mlangoni, na mimi sikuwahi kumuuliza faida yake ni ngapi. Ilikuwa 350 kwa siku nzuri. Upande wangu wa kinachoingia ulikaa mtupu siku tatu, hadi siku ya nne nilipopata 500 kwa kumsaidia jamaa kujaza fomu za forodha.

Siku ya sita nilimwambia mke wangu kuhusu madeni ya simu. Jumla 31,000, sehemu tatu. Moja alikuwa akiijua. Alinyamaza kitambo, akaichukua kalamu mkononi mwangu, akayaandika yote matatu mwenyewe, kila deni mstari wake na tarehe yake.

Niliporudi kwa maalim msikiti ulikuwa umeshafungwa. Nilimkuta barazani kwake. Alipitisha kidole kwenye kurasa, akasema: "Nyumba yako yahitaji elfu moja kwa siku, kodi ikiwa ndani. Inaingia mia nne. Sasa sikiza. Wahitaji kumi, una nne. Wewe ni fakiri."

Neno lile lilinichoma. Kila Ramadhani nilikuwa mtu wa kupeleka pishi zangu za mchele na kuwaombea kheri waliozipokea. Fakiri kwangu alikuwa mtu aliyekaa na kopo nje ya msikiti siku ya Ijumaa.

Lakini maalim hakunitukana. Alikuwa akinisomea fiqhi. Katika madhehebu ya Shafii, tuliyolelewa nayo watu wa pwani, na katika mapokeo ya Minhaji ya Imam Nawawi ambayo vizazi vimeisoma darasani, fakiri na maskini ni vipimo. Mwenye kuhitaji kumi akawa hana hata nusu yake ni fakiri. Mwenye saba au nane, zinazokaribia wala hazitoshi, ni maskini. Wote wawili wamo katika watu wa aina nane waliotajwa katika Surat At-Tawba kuwa zaka ni yao, na mwenye deni ni aina nyingine palepale. Hakuna aliyetakiwa kuvaa matambara kwanza. Ila huwezi kujua uko wapi katika vipimo hivyo usipojua kumi yako ni ngapi. Sharia yenyewe inataka daftari.

Kwa miaka 11 riziki yangu ilikuwa na tarehe, kila tarehe 28. Nilikuwa nikimwita Mungu Mwenye kuruzuku kwa ulimi, na moyo wangu ukitazama benki. Mshahara ulipokatika nikaingia kosa la pili nililolidhani ni imani: nikasema namtegemea Mungu tu, na watu wasijue. Niliita kutawakali kitu ambacho kwa kweli kilikuwa kiburi.

Imam Ghazali, aliyeandika mlango mzima wa kutawakali katika Ihyaa, anasema aliyewekewa chakula akakataa kuunyoosha mkono ati anamngoja Mungu amlishe, huyo ni mwendawazimu. Naye mwenyewe alipoiacha kazi yake ya heshima ya kusomesha Baghdad mwaka 1095, aligawa mali yake akabakisha ya kuwatosha watoto. Alihesabu, kisha akaondoka. Mimi zaka ilikuwa sahani iliyo mbele yangu, na Qurani imeiita haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Mkono wangu nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Mzee mmoja wa mtaani aliposikia habari hii ya zaka, alinikumbusha hadithi ya yule Ansari aliyekwenda kwa Mtume kuomba, vitu vyake vikauzwa dirhamu mbili, akatumwa kukata kuni. Fanya kazi, akaniambia. Naiheshimu hadithi hiyo, iko katika Abu Daud, ndiyo sababu niliirudia kuisoma. Mtume alianza kwa kumuuliza nyumbani kwake kuna nini. Dirhamu ya kwanza ilikuwa ya chakula cha watu wake, shoka likanunuliwa kwa ya pili. Na mwisho wake unaacha mlango wazi kwa waliolemewa, mwenye deni zito akiwa mmoja wao. Anayemsomea asiye na kazi hadithi hii aifikishe mwisho.

Katika Ramadhani ile maalim aliniletea 18,000 za zaka ya mtu ambaye hadi leo simjui. Usiku ule niliogopa kulala nazo. Asubuhi tukazigawa na daftari liko katikati yetu: chakula cha mwezi, deni dogo kuliko yote, na kilichobaki tukanunua karai kubwa na gunia la unga. Kuhusu mikopo ya simu maalim hakunipa nafasi ya kujitetea. Ada inayoongezeka kadiri siku zinavyopita ni riba, akasema. Alinitaka nitubu kwanza, niifute ile programu mbele yake, ndipo azungumze habari ya fungu la wenye madeni. Niliifuta. Nilipata tabu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa siri yangu ya mwisho.

Mke wangu akakaanga, mimi nikapeleka kwa baiskeli majumbani, kisha fomu za forodha zikaanza kurudi mojamoja. Mwaka 2021 tulikuwa saba kwa kumi. Tukawa maskini, na siku hiyo mke wangu aliliandika neno hilo pembezoni mwa ukurasa, akacheka kwa furaha.

Shaabani ya 2022 tulitimiza kumi. Nilimpelekea maalim daftari, nikamwomba anitoe katika orodha yake. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa kama mara ya kwanza, akalifunga, akaniuliza kama mtaani kwetu nazijua nyumba nyingine zenye nne.

Nilizijua tatu.