Historia ya Kabati Ianzie Wapi?

Kabati la kuandikia la Kiingereza la karne ya 18 ni samani yenye kazi mbili. Chini lina droo na ubao wa mteremko unaofunguka kuwa meza. Juu lina rafu za vitabu, mara nyingi zenye milango ya vioo. Linapofika mnadani leo huambatana na maelezo ya asili yake: fundi, mwenyewe wa kwanza, warithi. Maelezo hayo huongeza bei. Je, ni haki yaanzie karakanani?

Mengi ya makabati hayo ni ya mahogani. (Ya mwaloni yana habari yake.) Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao za makoloni yake ya Amerika, na magogo ya Jamaika, baadaye ya Belize, yakamiminika London. Waliokata walikuwa watumwa. Huko Belize mmoja wao, aliyeitwa mwindaji, alipanda mti mrefu akatafuta kwa macho vilele vya mahogani vilivyobadilika rangi katikati ya msitu. Ujuzi wake ulitangulia ule wa seremala. Magogo yalikokotwa na maksai usiku, kwa mwanga wa mienge, kukwepa joto la mchana.

Thomas Chippendale alichapisha kitabu chake cha michoro ya samani mwaka 1754, na jina lake likadumu. Mteja wake mkubwa, Edwin Lascelles wa Harewood, alitoka katika familia iliyotajirika kwa sukari na watumwa wa Barbados. Katika nyumba kama ile utumwa uliweza kuingia mara mbili: ndani ya mbao, na ndani ya fedha zilizoinunua.

Wapo watakaosema kwamba wote wamekufa, na muda umefuta. Nakubali kwamba mnunuzi wa leo hakumtesa mtu, na kulichoma kabati ni kuteketeza kazi ya mkataji pia. Lakini hoja ya muda haimfai muuzaji, kwa kuwa yeye anauza muda huohuo. Sifa ya Chippendale haijafutwa na miaka 250, imepanda. Kwa nini miaka hiyo ifute upande mmoja tu?

Hoja nzito zaidi ni kwamba jina la mkataji halijulikani. Basi itajwe kazi: "mahogani, ilikatwa na watumwa," pale ushahidi unapoonyesha hivyo. Huenda bei ikashuka, huenda isishuke. Mstari huo ukae juu ya jina la fundi, kwa sababu mti ulikatwa kwanza.