Kumnyima Mtoto Dawa

Msomaji, fikiri usiku mmoja katika Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Mtoto wa mwaka mmoja anaharisha tangu asubuhi. Macho yake yamezama, na akilia hatoi machozi. Ndani ya kabati mna vidonge sita vya rangi mbili, masalio ya matibabu ya mtu mzima. Baba yake, mwalimu ambaye kazi yake ni kufundisha watu kufikiri, akafungua kidonge kimoja, akakadiria unga wake kwa ncha ya kisu, akaukoroga katika maziwa. Baba huyo nilikuwa mimi. Mtoto alipona siku ya tatu, nami nikakisifu kidonge changu kwa majirani wote. Maji ya chumvi na sukari, ambayo mama yake alimnywesha kwa kijiko usiku kucha, sikuyataja hata mara moja.

Je, kumnyima mtoto mgonjwa dawa iliyo mkononi kwaweza kuwa hisani? Moyo wa mzazi hujibu upesi kuwa huo ni ukatili. Lakini moyo, ingawa ni mshauri mwema, hauoni ndani ya tumbo.

Katika utumbo wa mtoto mna bakteria mabilioni kwa mabilioni, na wengi wao si adui. Huvunja mabaki ya chakula tusiyoweza kuyasaga wenyewe, hutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo, na hujaza nafasi hata wageni wabaya wakakosa makao. Tena ni walimu. Sehemu kubwa ya chembe za kinga ya mwili hukaa katika utumbo, na kwa kuishi jirani na bakteria hao hujifunza, tangu utotoni, nani wa kupigwa vita na nani wa kuvumiliwa. Kiuavijasumu hakibagui, huua mwivi pamoja na wenyeji. Mtu mzima aghalabu hurudiwa na wenyeji wake baada ya majuma au miezi, ingawa si wote. Mtoto ambaye mji wake ndio kwanza unajengwa hupata hasara zaidi. Na vijidudu sugu vinavyosalia huhamia kwa ndugu zake kwa njia ya mikono na maji.

Mtu anaweza kujibu kwamba afadhali utumbo ulioharibika kuliko mtoto aliyekufa. Neno hilo ni zito, na kwa kuwa ni zito lilipimwa. Kati ya 2017 na 2019 watoto zaidi ya 8,000, wote chini ya miaka miwili, waliingizwa katika utafiti wa nchi saba, Tanzania ikiwa mojawapo. Hapa Kenya ulifanyika Homa Bay na Migori. Walikuwa wakiharisha majimaji yasiyo na damu, tena wamepungukiwa maji au wamedhoofu kwa utapiamlo. Wote walitibiwa kwa maji ya chumvi na sukari, na zinki. Nusu waliongezewa azithromaisini kwa siku tatu. Nusu walipewa dawa bandia, wazazi wakiwa wamejulishwa na kukubali. Katika siku 180 walifariki 20 wa kundi la kwanza na 28 wa kundi la pili.

Hapo nakuomba usipite haraka. Wanane ni watoto. Wataalamu walisema kwamba tofauti ndogo kama hiyo, katika umati mkubwa kama ule, yaweza kuletwa na bahati tu, nami nakubali hesabu yao. Lakini sitamcheka mama asiyeikubali. Ningemwambia tu kwamba yuko mtoto mwingine, asiyemwona, atakayeugua nimonia mwaka ujao, na dawa tunayoigawa leo bila haja ndiyo itakayokuwa butu kwake. Na kinyesi kikiwa na damu, au kipindupindu kikishukiwa, mambo hugeuka: hapo mganga wa hospitali akiizuia dawa, atakuwa amekosa.

Mwanangu wa pili alipoharisha, bila damu, nilikaa na kijiko mpaka alfajiri. Mara mbili niliinuka kwenda kabatini. Mke wangu alinitazama, asiseme neno, akanipa kikombe nikijaze tena.