Mtoto Naye ni Jirani

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, wazazi wengi huku kwetu Arusha na Kilimanjaro huanza hesabu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya matembezi: nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, na siku moja ya kuwapeleka watoto Ziwa Duluti au kwenye maporomoko ya Materuni. Ya pili ni ya Januari: mdogo abaki chekechea ile ile, au ahamishwe? Ada imepanda, au baba amehamishwa kazi, au kuna mtu amesifia shule nyingine kwa basi lake na Kiingereza chake. (Sababu hiyo ya mwisho ningeomba itazamwe mara mbili, lakini tuiache kwa leo.)

Wasiwasi wangu uko pale hesabu hizi mbili zinapokutana. Mtoto wa miaka minne anatembezwa, ananunuliwa viatu vipya, na hakuna anayemwambia neno. Muhula ukianza anavalishwa sare asiyoijua, anaambiwa, "Twende tukatembee," kisha anaachwa mikononi mwa mwalimu ambaye hajawahi kumwona. Mzazi anaondoka kwa kunyata wakati mtoto akitazama bembea. Tunasema tumemwepusha na machozi. Je, tumemtendea haki?

Wanaotetea jambo hili wana hoja. Mtoto haelewi habari za ada. Ukimwambia mapema unamharibia likizo. Na Mungu amempa mzazi mamlaka ya kuamua. Baba mmoja aliniuliza, "Mchungaji, mbona ninyi mnabatiza watoto wachanga bila kuwauliza?"

Ni swali zuri, na ni kweli hatuwaulizi. Ila tazameni kinachotendeka kwenye kisima cha ubatizo. Mchungaji hamgeukii baba na kusema, "Ninambatiza mwanao." Humtaja mtoto kwa jina na kumwambia yeye mwenyewe: nakubatiza. Ana wiki sita, pengine amelala fofofo, na bado neno linasemwa kwake. Kanisa huamua kabla mtoto hajaelewa, lakini halimtendei kana kwamba hayupo. Mpaka ninauona hapo. Mzazi anaweza kuamua bila kuomba kura ya mtoto. Kumwambia tunakwenda kutembea wakati tunakwenda kumwacha ni jambo jingine kabisa.

Luther, akieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anautaja uongo dhidi ya jirani pamoja na usaliti. Tumezoea kumtafuta jirani huyo ng'ambo ya ua, kumbe mwingine amelala chumba cha pili. Kabla hajajua Sala ya Bwana, mtoto huyu anajua kuamini kwamba mama akisema "nitarudi," atarudi. Akijifunza kwamba matembezi yanaweza kuwa mtego, siku ya kumwambia kwamba Baba wa mbinguni ni mwaminifu tutatumia neno gani ambalo hatujalichafua?

Sisemi aambiwe miezi miwili kabla. Kwa umri huo wiki moja ni safari ndefu. Wala sisemi maneno matamu yatazuia kilio. Siku chache zinatosha, pamoja na kupita naye getini kwa shule mpya na kumwonyesha.

Mama mmoja wa usharika aliamua kumwambia bintiye katika matembezi yenyewe, kwenye njia inayozunguka Duluti, chini ya miti. Mtoto akauliza kama mama anayewapikia uji atahama naye. Akajibiwa hapana. Alilia hadi Tengeru, watu wakigeuka kuwatazama. Ndani ya daladala akanyamaza, kisha akauliza kama kule kwingine nako kuna uji.