Haki ya Kweli na Karatasi ya Uongo

Watu wengi hufikiri kwamba zamiri ya mtu hujaribiwa katika mambo makubwa tu: ndoa, vita, damu ya watu. Leo nataka kuwaonyesha namna zamiri ya mtu mwema ilivyojaribiwa kwa sababu ya injini ya gari. Wala si zamiri yake peke yake. Yangu pia ilitikisika, nami ni mwalimu wa dini.

Mkristo mmoja wa mtaa wetu, hapa Lubumbashi, alikuwa na basi ndogo ya kuchukulia abiria. Kwa gari hilo aliwalisha watoto 6 na kuwalipia masomo. Injini yake ilipochoka kabisa, alinunua nyingine kwa mfanyabiashara anayeuza injini zilizotengenezwa upya. Akapewa karatasi ya garanti ya miezi 6, iliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa herufi ndogo sana. Akatia sahihi bila kuuliza neno.

Garanti ni nini? Ni ahadi. Muuzaji anasema: «Kitu hiki kikiharibika kwa ubovu wake chenyewe kabla ya siku fulani, hasara ni yangu.» Na wazee wametufundisha kwamba ahadi ni deni.

Katika mwezi wa tatu, alipokuwa akirudi kutoka Likasi, mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka nyuma, injini ikazimika. Gari likavutwa mpaka kwa muuzaji. Naye akajibu: «Sikulipi kitu.» Akatoa sababu mbili.

Sababu ya kwanza: wauzaji wa injini za namna hii hubandika juu ya injini kidude kidogo cha chuma, kama kifungo cha shati. Katikati yake mna madini laini yanayoyeyuka injini ikipata joto kupita kiasi. Kidude hicho kilikuwa kimeyeyuka, na karatasi inasema kwamba injini iliyochemka haina garanti. Sababu ya pili: karatasi inaamuru mafuta ya injini yabadilishwe baada ya kilomita 1,000 za kwanza, na risiti ihifadhiwe. Risiti haikuwapo.

Jioni ile yule mtu alikuja kwangu. «Mwalimu,» akasema, «mafuta niliyabadilisha, Mungu ananiona. Lakini niliyanunua kwa kijana wa kando ya barabara, naye hatoi risiti. Rafiki yangu wa gereji yuko tayari kuniandikia moja, ataweka tarehe ya siku ile ile. Je, ni zambi?»

Naungama mbele yenu: nusura nimwambie aende akaichukue. Kwa maana tendo lilikuwa la kweli, tarehe ya kweli, na niliona kwamba deni pia ni la kweli. Nikamwomba anipe usiku mmoja nifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri.

Tuanze na muuzaji. Je, alijibu kwa haki? Kile kidude kilichoyeyuka kinaonyesha kwamba joto lilikuwapo. Hakionyeshi nani alilileta. Mgonjwa akiwa na homa, mganga hawezi kusema: «Una homa, basi kosa ni lako.» Huuliza homa imetoka wapi. Vivyo hivyo injini yaweza kuchemka kwa sababu dereva amesahau maji. Lakini yaweza pia kuchemka kwa sababu fundi aliyeitengeneza hakukaza vema bolti za kifuniko chake. Hapo moto wa ndani hupenya na kuingia katika njia za maji, maji huchemka na kutoka, na joto hupanda. Katika jambo la kwanza joto limeleta ubovu. Katika jambo la pili ubovu umeleta joto. Kukataa garanti bila kupambanua hayo mawili ni kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Mtakatifu Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, aliandika juu ya kununua na kuuza. Alisema kwamba muuzaji asiyejua ubovu wa kitu chake hatendi zambi anapokiuza. Lakini siku atakapoujua, ni lazima amlipe mnunuzi hasara yake. Tuangalie vizuri neno hilo. Mtu aweza kuwa hana zambi, na hata hivyo awe na deni. Kwa hiyo anayedai garanti hana lazima ya kumwita muuzaji mwizi. Na muuzaji anayelipa hakubali kwamba yeye ni mwizi. Ugomvi mwingi ungekwisha kama watu wangekumbuka jambo hilo.

Hata sheria ya nchi yetu haiko mbali na hayo. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano inaagiza kwamba mapatano yatimizwe kwa nia njema, na kwamba muuzaji awajibike kwa ubovu uliofichika, si kwa ule ambao mnunuzi aliweza kuuona kwa macho yake. Basi herufi ndogo za karatasi zina nguvu yake, lakini haziui nia njema.

Sasa tuje kwa mnunuzi na ile risiti. Wengine watasema: «Risiti hiyo ingesema kweli, maana mafuta yalibadilishwa.» Nawajibu: hapana. Someni risiti yoyote. Haisemi tu kwamba mafuta yalimwagwa katika injini. Inasema: «Mimi, mwenye gereji hii, nimemwuzia mtu huyu mafuta siku hii, nami nimepokea feza yake.» Hilo halikutokea. Ni ushuhuda wa uongo juu ya jambo la kweli, na ushuhuda wa uongo haubadiliki kuwa halali kwa sababu anayeutoa ana haki yake.

Wengine tena watasema: «Lakini muuzaji mwenyewe anajificha nyuma ya karatasi. Kwa nini mnunuzi asimshinde kwa karatasi?» Nawajibu: anachokidai yule mnunuzi ni kitu gani? Ni kwamba karatasi aliyopewa iheshimiwe. Awezaje kudai karatasi moja iheshimiwe, huku anaichezea nyingine? Angeharibu kile kile anachosimama juu yake. Tena, uongo mmoja ukigunduliwa, hata ile kweli iliyo karibu nao haisadikiwi. Angepoteza injini na jina lake pamoja.

Asubuhi nikamwambia: «Risiti hiyo usiichukue.» Akanyamaza. Kisha nikamwuliza swali ambalo ningalimwuliza tangu mwanzo: «Mshale ulipopanda, ulisimamisha gari mara moja?» Akainama. Akasema: «Hapana, Mwalimu. Usiku ulikuwa unakaribia, nilikuwa na abiria. Niliendelea kidogo. Nikisema hilo kwa muuzaji, nimekwisha.»

Hapo ndipo nilipotambua shida ilipokuwa. Risiti ya uongo haikuwa ya kuficha mafuta. Ilikuwa ya kufunika kosa jingine. Nikamwambia: «Anza na hilo hilo.» Hakupenda. Siku mbili hakuja kwangu, wala sikumlaumu, kwa maana watoto wale si wangu, na chakula kilichokuwa hatarini si changu.

Siku ya tatu tulikwenda pamoja. Alimleta yule kijana wa kando ya barabara awe shahidi wa mafuta. Akamwambia muuzaji: «Mzee, kosa langu ni hili: mshale ulipanda nami sikusimama mara moja. Lakini mshale ulipanda kwa sababu gani? Ndilo ninaloomba tulitafute.» Akaomba injini ifunguliwe mbele yao wote wawili na fundi asiyekuwa mtu wa upande wowote. Muuzaji alikasirika kwanza, kisha akakubali.

Fundi alifungua. Mafuta yalikuwa safi, hata muuzaji akayaona. Lile bamba jembamba linaloziba kati ya kifuniko na mwili wa injini lilikuwa limeungua upande mmoja, na upande huo bolti hazikuwa zimekazwa kama nyingine. Kifuniko chenyewe kilikuwa kimepinda. Fundi akasema: bamba liliungua kwa sababu ya bolti; kifuniko kilipinda kwa sababu gari liliendelea kwenda.

Basi hasara ikagawanywa. Muuzaji alilipa bamba jipya, bolti na mafuta. Mnunuzi alilipa kunyosha kifuniko, na kazi ya fundi pia, kwa sababu karatasi aliyoitia sahihi inasema kwamba kazi ya mikono haimo katika garanti. Hilo halikumfurahisha, lakini lilikuwa la haki. Mtoto wake mmoja alichelewa kurudi shuleni kwa ajili ya feza hiyo. Siwafichi: kweli ilimgharimu.

Wapenzi wasomaji, mkinunua kitu cha bei, someni karatasi kabla ya kutia sahihi. Asiyejua Kifaransa amwombe mtu amsomee. Mali bila daftari hupotea bila habari: kila risiti iwekeni. Kitu kikiharibika, msikifungue kabla muuzaji hajakiona. Msikubali «hapana» bila kuuliza sababu, maana kudai haki yako si ugomvi. Nanyi mnaouza, msitafute katika maandishi yenu mlango wa kukimbilia.

Na anayekwenda kudai, aanze kwa kutaja sehemu ya kosa lake mwenyewe. Atapata kidogo kuliko alivyotaka, pengine. Lakini atakachokipata kitakuwa chake, na usiku atalala.