Inkisari ya Picha: Ukataji, Hisia na Uashiriaji katika Upigaji Picha Dhahania

Makala haya yanadhamiria kujadili swali ambalo kwa juu juu huonekana la ufundi tu, ilhali kiini chake ni cha kimaadili: mpiga picha anapokata kingo za picha yake, je, ana wajibu wowote kwa kile alichokiacha nje? Sisi wahakiki wa ushairi wa Kiswahili tunalifahamu suala hili kwa sura nyingine. Mshairi aandikaye "alokuja" badala ya "aliyekuja" amelifupisha neno ili kutosheleza mizani. Kitendo hicho huitwa inkisari, nacho hakimpotoshi msomaji, kwa kuwa kila aijuaye lugha hulirejesha neno zima akilini mwake bila taabu. Tunadai kwamba kipimo hicho chafaa kutumiwa katika uhakiki wa picha pia.

Hapana shaka kwamba kukata huzaa hisia. Kuanzia mwaka 1922, Alfred Stieglitz wa Marekani alipiga picha za mawingu ambazo baadaye aliziita Equivalents, akizichukulia kuwa vilinganifu vya yale aliyoyapitia nafsini. Katika nyingi ya picha hizo, ardhi na upeo wa macho havimo. Kwa hiyo mtazamaji hukosa pa kusimama. Hajui juu ni wapi wala chini ni wapi. Wingu lililotengwa na mazingira yake haliashirii tena mvua; laweza kuashiria hofu, upweke au utulivu, kutegemea moyo wa atazamaye. Kadiri picha inavyopunguza kutaja, ndivyo inavyozidi kuashiria. Hata hivyo, hapa hapana udanganyifu. Hakuna atazamaye picha hizo akaamini kwamba mbingu ile haikuwa na ardhi chini yake. Hiyo ni inkisari halali.

Tuulinganishe ukataji huo na mfano wa pili, ambao si wa picha dhahania. Mnamo Januari 2020, huko Davos, Uswisi, Vanessa Nakate wa Uganda alipigwa picha pamoja na wanaharakati wenzake wanne wa mazingira, wote Wazungu. Shirika la habari la Associated Press likasambaza picha iliyokatwa ukingo aliosimama Nakate. Maelezo ya kwanza ya shirika hilo yalikuwa ya kiujumi: jengo lililokuwa nyuma yake lilivuruga mpangilio wa picha. Baadaye liliomba radhi. Tukiyachunguza maelezo hayo, twaona kwamba hoja ya umbo yaweza kuwa ya kweli na bado isitoshe. Picha iliyobaki ilikuwa na watu wanne, milima yenye theluji na mizani iliyotimia. Haikuacha kovu lolote la kumjulisha msomaji kwamba palikuwapo mtu wa tano. Ukataji wa namna hii twauita ufutaji.

Je, picha dhahania huepuka hatia daima, maadamu haijifanyi kuwa nzima? Tuichukulie miteremko ya Magwagwa, katika kaunti ya Nyamira, ambako wakulima wadogo hupanda chai. Mpiga picha akisimama kilimani, akakata mbingu, nyumba na njia, atabakiwa na mistari ya kijani iliyopinda kama mawimbi. Picha hiyo itavutia, na pengine itaashiria rutuba au amani. Lakini uso ule wa michai, ulio sawa kama meza, umesawazishwa na mikono inayorudi kila baada ya siku chache kuchuma majani mawili na chipukizi. Mzaliwa wa Magwagwa huirejesha mikono hiyo papo hapo, na huenda akauhisi uzito wa kikapu mgongoni. Mtazamaji wa London, aijuaye chai kikombeni tu, ataiona amani bila kazi. Picha ni ile ile na ukataji ni ule ule. Kwa mmoja ni inkisari, kwa mwingine ni ufutaji.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu. Inkisari huhitaji jamii inayoshiriki lugha moja. Nje ya jamii hiyo, neno lililofupishwa huwa neno geni. Mtu aweza kupinga kwamba kila fremu ni ukataji, na kwamba sanaa haiwajibiki kwa kila kilichobaki nje. Ni kweli, nasi hatumtaki msanii auingize ulimwengu mzima katika picha moja. Tunachomdai ni alama: ncha ya kikapu ukingoni, au jina la picha litajalo uchumaji badala ya mawimbi. Alama hiyo haiipunguzi hisia. Huipa mahali pa kutua. Mhakiki naye, kabla ya kuisifu picha kwa wepesi wake, hana budi kuuliza ni nani atakayeweza kukirejesha kilichokatwa, na ni nani ambaye hatajua hata kwamba kuna kilichokatwa.